Homa ya Mfugaji: Bruselosi na Kazi ya Mifugo

Katika vijiji vya Ole, Wilaya ya Chake Chake kisiwani Pemba, kazi ya mifugo haijatengwa na maisha mengine ya nyumbani. Ng'ombe wawili au watatu hufungwa kamba chini ya minazi, mbuzi hulala bandani nyuma ya nyumba, na ng'ombe wa kukokota gari hupumzishwa kando ya njia. Mwenye mifugo ndiye mchungaji, ndiye mkamaji, na usiku ng'ombe anapozaa kwa shida ndiye anayeingiza mkono kumvuta ndama. Hakuna amwitaye mtu huyu mfanyakazi, wala hakuna afikiriaye kwamba kazi yake inaweza kuwa na maradhi yake.

Na achukuliwe mfano wa mtu wa namna hiyo. Wiki tatu baada ya ng'ombe wake kutupa mimba, anashikwa na homa. Jioni mwili unachemka, usiku jasho linalowesha shuka, asubuhi anaamka na nafuu. Maungio yanamuuma na mgongo unamkaza. Anameza dawa za malaria. Homa inatulia siku chache, kisha inarudi. Anameza dawa za homa ya matumbo. Mambo ni yale yale. Ufikapo mwezi wa tatu hawezi tena kupanda mkarafuu wala kuchukua ndoo ya maji, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba amekuwa mvivu, au amerogwa. Katika muda wote huo hakuna aliyemwuliza swali moja fupi: kazi yake ni ipi, na mifugo yake ina hali gani?

Swali hilo ndilo kiini cha somo hili. Yako maradhi ambayo hayawezi kutambuliwa kwa kumtazama mgonjwa peke yake. Sharti itazamwe na kazi yake. Bruselosi ni mojawapo.

MARADHI YENYEWE

Bruselosi husababishwa na bakteria wa jamii iitwayo Brucella. Ni kijidudu kidogo sana. Urefu wake hauzidi maikromita moja na nusu, yaani bakteria elfu moja wakipangwa ncha kwa ncha hawafiki urefu wa milimita mbili. Hana mkia wa kuogelea wala hajifunikii gamba la kumhifadhi kama afanyavyo kijidudu cha kimeta. Hata hivyo ana hila moja kubwa, nayo itaelezwa baadaye.

Aina zinazohusika zaidi na binadamu ni tatu. Brucella melitensis hukaa hasa katika mbuzi na kondoo, nayo ndiyo kali zaidi kwa watu. Brucella abortus hukaa katika ng'ombe. Brucella suis hukaa katika nguruwe. Kwa Pemba, ambako mifugo mikubwa ni ng'ombe na mbuzi, aina mbili za kwanza ndizo zinazostahili kuangaliwa.

Wafugaji huyaita maradhi haya "ugonjwa wa kutupa mimba", kwa kuwa hiyo ndiyo alama yake kubwa katika wanyama. Madaktari wa zamani waliyaita "homa ya Malta" kwa sababu ya mahali yalikochunguzwa kwanza, na wengine "homa ya mawimbi", kwa kuwa joto la mgonjwa hupanda na kushuka mithili ya bahari. Majina hayo yote ni ya kitu kimoja, lakini hayakujulikana kuwa ya kitu kimoja ila baada ya miaka mingi ya uchunguzi.

FUNZO LA KISIWA CHA MALTA

Malta ni kisiwa cha Bahari ya Mediterania, kidogo kuliko Pemba. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza lilikuwa na kambi huko, na kila mwaka mamia ya askari walilazwa kwa homa isiyokwisha. Mwaka 1887 daktari wa jeshi hilo, David Bruce, alimwona kijidudu wa homa hiyo katika wengu za askari waliokufa kwayo. Ndiye Bruce huyo huyo aliyefika Entebbe, Uganda, mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale, na jina la Brucella limetokana na jina lake.

Kumjua kijidudu hakukutosha. Kwa miaka 18 zaidi hapakuwa na aliyejua anatoka wapi. Wapo waliolaumu hewa, na wapo waliolaumu maji machafu. Mwaka 1904 iliundwa tume ya uchunguzi, na mwaka uliofuata mmoja wa wanachama wake, daktari wa Kimalta aitwaye Themistocles Zammit, akaamua kupima damu za mbuzi.

Njia aliyotumia ni rahisi kueleweka, na mpaka leo msingi wake unatumika. Mwili uliokwisha kupambana na kijidudu fulani hutengeneza kingamwili za kumkabili, nazo hubaki katika damu. Maji ya damu hiyo yakichanganywa na bakteria waliouawa, kingamwili huwashika bakteria na kuwaunganisha, na mchanganyiko uliokuwa laini hufanya vidonge vidonge vinavyoonekana kwa macho. Damu isiyo na kingamwili haifanyi hivyo.

Zammit aliona vidonge hivyo katika damu za mbuzi wengi, kisha bakteria wenyewe wakapatikana katika maziwa yao. Lililowashangaza watu ni kwamba mbuzi wale hawakuwa wagonjwa kwa kuwatazama. Walikula vizuri, wakatembezwa mitaani, na wakakamwa mlangoni pa mnunuzi ili apate maziwa mapya kabisa. Usafi ule wa machoni ndio ulioficha hatari.

Mwaka 1906 askari walizuiwa kunywa maziwa mabichi ya mbuzi, na katika muda mfupi hesabu ya wagonjwa kambini ikashuka kutoka mamia kwa mwaka hadi wachache sana. Raia wa kisiwa, ambao hawakuacha desturi yao, waliendelea kuugua. Mnamo mwaka 1905 pia, meli Joshua Nicholson ilipakia mbuzi wa Malta kwenda Marekani. Mbuzi walionekana wazima. Lakini wengi wa mabaharia waliokunywa maziwa yao mabichi njiani waliugua. Meli ile ilitoa ushahidi ambao maabara isingeweza kuupanga vizuri zaidi.

Wakati huo huo, kwa njia nyingine, mtaalamu wa mifugo wa Denmark, Bernhard Bang, alikuwa amekwisha kumpata mwaka 1897 kijidudu anayewafanya ng'ombe watupe mimba. Kwa miaka 21 ilidhaniwa kwamba wa Bruce na wa Bang ni vijidudu viwili visivyohusiana. Mwaka 1918 mwanasayansi wa Kimarekani, Alice Evans, alionyesha kwamba ni ndugu wa karibu. Hapo ndipo ilipobainika kwamba hasara ya mfugaji zizini na homa ya binadamu kitandani zinaweza kuwa na chanzo kimoja.

KATIKA MWILI WA MNYAMA

Kwa nini kijidudu huyu hutafuta mimba? Jibu limo katika kondo la nyuma. Kondo la ng'ombe, mbuzi na kondoo lina sukari iitwayo erithritoli, nayo ni chakula kinachomstawisha sana Brucella. Mnyama asiye na mimba anaweza kukaa na bakteria wachache katika tezi na kiwele chake bila ya dalili. Akishika mimba, bakteria huhamia kwenye kondo, huzaana kwa wingi, hulivimbisha na kuliharibu, na mtoto aliye tumboni hufa. Kwa kawaida ng'ombe hutupa mimba baada ya mwezi wa tano, na mbuzi katika miezi miwili ya mwisho. Aghalabu kondo hukwama lisitoke. Fahali huweza kuvimba korodani, na baadhi ya ng'ombe waliougua muda mrefu huota uvimbe wenye maji katika magoti ya mbele.

Mimba iliyotupwa, kondo lake na maji yake huwa na bakteria kwa mamilioni ya mamilioni. Penye jua kali hufa katika muda wa saa chache. Lakini katika udongo wenye unyevu chini ya kivuli, au katika samadi mbichi, huweza kuishi kwa wiki na hata miezi. Ng'ombe wa jirani akilamba mahali hapo, au akila majani yaliyochafuliwa, maradhi yamekwisha kuhama.

Jambo la kutilia maanani zaidi ni hili: ng'ombe aghalabu hutupa mimba mara moja tu. Mimba inayofuata huifikisha, na ndama huzaliwa mzima. Mfugaji hufurahi akadhani maradhi yamepona, kumbe mnyama yule huendelea kutoa bakteria katika maziwa na kila azaapo. Kwa hiyo ng'ombe mwenye ndama mzuri na maziwa mengi anaweza kuwa ndiye chanzo cha homa ya nyumba nzima.

KAZI NA NJIA ZA MAAMBUKIZO

Maradhi huitwa ya kazi pale ambapo mtu huyapata kwa sababu ya shughuli anayoifanya, kwa kiasi kinachozidi cha watu wasioifanya. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya maradhi ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limeitaja bruselosi ya kwanza miongoni mwa maradhi yaletwayo na viini hai. Njia za kuambukizwa hutofautiana kwa kazi, kama ifuatavyo:

(a) Mfugaji huambukizwa anapomsaidia mnyama kuzaa, anapovuta kondo lililokwama, au anapookota mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Mchubuko mdogo wa kidole, ambao yeye mwenyewe hauhisi, ni mlango wa kutosha. Maji yakimrukia jichoni, utando wa jicho nao ni mlango.

(b) Mkamaji hushika kiwele na maziwa kila siku, na mara nyingi huonja.

(c) Mchinjaji na muuza nyama hukutana na damu, tezi, kiwele na mfuko wa uzazi wa wanyama ambao hakuna aliyewapima. Kisu kinachoteleza humchanja yeye kwa damu ya mnyama. Hatari hii huwafika pia wale wachinjao majumbani wakati wa Iddi na wale waoshao matumbo.

(d) Daktari wa mifugo na wasaidizi wake hukabiliwa na hayo yote, pamoja na hatari ya kujichoma kwa sindano ya chanjo. Kwani chanjo ya wanyama ina bakteria walio hai, ingawa wamedhoofishwa.

(e) Mtaalamu wa maabara huweza kuvuta bakteria kwa pumzi anapowakuza. Bruselosi imekuwa miongoni mwa maradhi yanayowapata zaidi watu wa maabara duniani.

Pamoja na hao wako walaji. Maziwa mabichi, na mtindi uliogandishwa kwa maziwa yasiyochemshwa, huyapeleka maradhi kwa mama na watoto ambao hawakuingia zizini hata siku moja. Kuambukizana kati ya mtu na mtu ni nadra mno. Kwa hiyo mgonjwa hana haja ya kutengwa wala kuogopwa.

Kuna tofauti moja ya haki ambayo haifai kupita bila ya kutajwa. Mwajiriwa wa machinjio akiugua kwa sababu ya kazi yake, anaye mwajiri wa kudaiwa. Mkamaji wa ng'ombe wake mwenyewe hana wa kumdai. Akilala miezi mitatu, shamba nalo hulala na watoto hukosa ada. Kwake yeye, kinga na kutambuliwa mapema ndiyo fidia pekee.

KATIKA MWILI WA BINADAMU

Hila ya kijidudu iliyotajwa mwanzoni ni hii. Bakteria anapoingia mwilini, chembe nyeupe za damu humkimbilia na kummeza ili zimuue. Bakteria wengi hufa humo. Brucella hafi, huishi ndani ya chembe ile ile iliyotumwa kumwangamiza, akazaana humo, na kusafiri nayo mpaka kwenye ini, wengu, uboho wa mifupa na maungio. Ni sawa na mwizi aliyejificha katika gari la askari. Dawa nyingi zinazozunguka katika damu hazimfikii huko kwa nguvu ya kutosha.

Dalili huanza kwa kawaida wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, lakini zinaweza kuchelewa miezi. Mgonjwa huwa na homa ya kupanda na kushuka, jasho jingi usiku, maumivu ya maungio na ya kiuno, kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, uchovu mkubwa na moyo mzito. Wanaume wengine huvimba korodani. Mjamzito anaweza kuharibikiwa na mimba. Maradhi huua watu wachache. Wengi wa wanaokufa ni wale ambao bakteria wameshambulia vali za moyo wao. Madhara yake makubwa ni kumwondoa mtu kazini kwa miezi, na kumrudia tena anapodhani amepona.

Kwa kuwa mgonjwa haonyeshi jeraha wala upele, aghalabu haaminiwi. Alice Evans mwenyewe aliambukizwa mwaka 1922 katika uchunguzi wake, akaugua kwa vipindi miaka mingi, na baadhi ya madaktari wakadhani kwamba ugonjwa wake ni wa mawazo tu. Ikiwa mtaalamu wa maradhi hayo aliweza kutiliwa shaka, mkulima wa kijijini ataaminiwa vipi asipoulizwa vizuri?

USHAHIDI WA TANZANIA

Ushahidi wa nchini unaonyesha ukubwa wa kosa hili. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia watu 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, mkoani Kilimanjaro. Wagonjwa 528 miongoni mwao walihesabiwa na waganga kuwa na malaria. Vipimo vya uangalifu vilipofanywa, waliokuwa na homa iliyosababishwa na malaria walikuwa 14 tu. Kwa upande mwingine, miongoni mwa wale waliochunguzwa kwa maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, watu 118, yaani zaidi ya robo, walikutwa nayo. Na 16 kati ya hao walikuwa na bruselosi.

Katika Hospitali ya Endulen, Ngorongoro, kwenye jamii ya wafugaji, wagonjwa wa homa 230 walichunguzwa katika miaka ya 2016 na 2017. Kumi na wanne walikuwa na bruselosi, yaani mmoja katika kila 16, na aina iliyopatikana ni ile ya mbuzi na kondoo. Huko Tanga, mji ulio ng'ambo ya mkondo wa bahari kutoka Pemba, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha watu wa kazi mbalimbali za mifugo. Kingamwili za Brucella zilikutwa kwa kiasi cha mtu mmoja katika kila 18 wa wote waliopimwa. Lakini miongoni mwa wafanyakazi wa machinjio zilikutwa kwa karibu mmoja katika kila watano. Tofauti hiyo ndiyo maana ya maneno "maradhi ya kazi". Mwaka 2017 Tanzania iliiweka bruselosi katika orodha ya maradhi sita ya wanyama na binadamu yanayostahili kushughulikiwa kwanza.

Kwa Zanzibar hoja hii ina uzito wa pekee. Tangu dawa mseto zilipoanza kutumika mwaka 2003, na baadaye vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, malaria imepungua mno katika Unguja na Pemba, ingawa haijakwisha. Zamani mganga aliyesema kila homa ni malaria alikosea mara chache. Leo, kipimo kikionyesha kwamba malaria hakuna, kazi ya kutafuta ndiyo kwanza inaanza.

SWALI LA KAZI

Mganga hodari hutumia kipimajoto, hadubini, na pia masikio yake. Mazungumzo kama haya hayachukui hata dakika moja:

"Mzee, kabla ya homa hii, kuna mfugo wowote uliozaa au kutupa mimba hapo nyumbani?"

"Ng'ombe mmoja alitupa, mwanangu. Ndama nilimfukia kwa mikono yangu."

"Na maziwa mnayachemsha?"

"Twayanywa vivyo hivyo. Yakichemshwa hupotea ladha."

Majibu hayo mawili hayathibitishi maradhi, lakini yanaonyesha kipimo gani kifanywe. Kipimo cha haraka kinachotumika sana ni cha Rozi Bengali, ambacho kwacho tone la maji ya damu huchanganywa na bakteria waliouawa na kutiwa rangi nyekundu, kwa msingi ule ule wa Zammit. Hata hivyo mwanafunzi na akumbuke kwamba kingamwili ni alama ya nyayo, si mwizi mwenyewe: huonyesha kwamba bakteria alipita, si lazima kwamba yumo sasa. Tena bakteria wengine wanaofanana na Brucella huweza kuleta jibu la uongo. Kwa hiyo jibu la kwanza huthibitishwa kwa kipimo kingine, au kwa kumkuza bakteria kutoka katika damu, kazi inayohitaji siku nyingi na maabara yenye tahadhari kubwa.

TIBA

Bruselosi hupona. Kwa kuwa kijidudu hujificha ndani ya chembe, dawa moja haitoshi na siku chache hazitoshi. Watu wazima aghalabu hupewa doksisaiklini kwa wiki sita, pamoja na rifampisini kwa muda huo huo, au pamoja na sindano za streptomaisini kwa wiki mbili hadi tatu. Wajawazito na watoto wadogo hupangiwa dawa nyingine. Homa hutoweka mapema, pengine katika wiki ya kwanza, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Aachaye mapema humpa kijidudu nafasi ya kurudi. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wakumbuke jambo moja la tiba na awakumbushe hili: wiki sita ni wiki sita, hata kama mgonjwa anajisikia mzima katika wiki ya pili.

KINGA: ZIZI, JIKO NA BANDARI

Hakuna chanjo ya bruselosi kwa binadamu. Kinga yake imo katika mahali patatu.

Zizini, mnyama azaaye atengwe na wengine. Mimba iliyotupwa na kondo lake visishikwe kwa mikono mitupu, wala visitupiwe mbwa. Mfugaji avae glavu. Zikikosekana, atumie sepetu. Achimbe shimo refu lisilofukulika, afukie, kisha aoshe mikono kwa sabuni. Lakini kabla ya kufukia, ofisa wa mifugo apewe habari ili achukue sampuli. Mimba iliyofukiwa bila ya kupimwa ni ushahidi uliozikwa. Chanjo za wanyama zipo, ile ya S19 kwa mitamba wachanga na ile ya Rev.1 kwa mbuzi na kondoo. Matumizi yake huamuliwa na wataalamu wa serikali, kwani chanjo huacha kingamwili ambazo huweza kuvuruga upimaji wa baadaye.

Jikoni, joto ndilo mlinzi. Maziwa yakishikiliwa kwenye nyuzi 63 za Sentigredi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, bakteria hufa. Nyumbani ambako hakuna kipimajoto, yachemshwe mpaka yapande. Atakaye mtindi na achemshe kwanza, ayapoze, ndipo ayagandishe. Uchachu peke yake hauaminiki kumuua kijidudu huyu. Nyama, maini na wengu zipikwe mpaka ziive.

Bandarini, kisiwa kina neema ambayo bara haina. Mnyama wa Ole hawezi kuchanganyika na mifugo ya Handeni au Moshi kwa kutembea. Anayeingia Pemba huingia kwa chombo, na chombo hutia nanga mahali panapojulikana. Kumpima mnyama kabla ya kumvusha, na kumweka karantini anapofika, ni kazi ndogo kuliko kuwatafuta wagonjwa mia baada ya miaka mitano. Unguja imekwisha kuonyesha nguvu ya bahari kama ukuta: mbung'o walioangamizwa huko kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, wa mwisho akionekana mwaka 1996, hawakurudi. Lakini Malta nayo inaonya. Miaka 90 baada ya Zammit, mwaka 1995, homa ile ilizuka tena kisiwani humo kwa njia ya jibini la maziwa mabichi. Ukuta usiolindwa huingilika.

HITIMISHO

Maradhi haya yana nyumba mbili: zizi na zahanati. Anayeyaona zizini ni mfugaji na ofisa wa mifugo. Anayeyaona katika zahanati ni mganga. Kama hawa hawazungumzi, kila mmoja hushika nusu ya habari, na mgonjwa hubaki katikati. Swali la kazi ndilo daraja la kuunganisha nusu hizo. Halihitaji umeme, wala dawa, wala fedha za kigeni, na mwanafunzi wa sekondari wa Ole anaweza kulipeleka nyumbani leo, akamwambia baba yake: ukienda zahanati kwa homa, usingoje kuulizwa, mwambie mganga kwamba wewe ni mfugaji.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Eleza kwa nini ng'ombe aliyetupa mimba mara moja, kisha akazaa ndama mzima, bado ni hatari.

2. Katika uchunguzi wa Moshi, ni asilimia ngapi ya wagonjwa 870 walidhaniwa kuwa na malaria, na ni asilimia ngapi homa yao ilisababishwa nayo kweli? Toa maoni yako juu ya tofauti hiyo.

3. Mchinjaji mzima, asiye na homa, damu yake imeonyesha kingamwili za Brucella. Je, ni mgonjwa? Toa sababu.

4. Askari wa Malta walipona mapema kuliko raia wa kisiwa hicho baada ya mwaka 1906. Ni tofauti gani kati ya makundi hayo iliyouthibitisha usemi wa Zammit? Linganisha na habari ya meli Joshua Nicholson.

5. Zoezi la nyumbani: andika orodha ya kazi zote za mifugo zifanywazo katika kijiji chenu kwa wiki moja, ni nani azifanyaye, na kwa kila kazi taja njia ambayo kijidudu angeweza kuingilia. Wanafunzi wasishike mimba iliyotupwa wala kondo kwa ajili ya zoezi hili.